Kitabu cha katuni tulichokianzia mwisho, mimi na kaka yangu Yusuf

Salaam aleikum wakuu, na wale wa habari, habari zenu.

Simu ni ya mjukuu wangu Sofia, aliyenifunza herufi hizi uzeeni, vidole ni vyangu. Nikikosea herufi mnivumilie, lakini haya niliyaona kwa macho yangu.

Miaka ya sabini ikielekea kuisha, hapa Isiolo, kaka yangu Yusuf alikuwa tanboi, msaidizi wa dereva, kwa lori ya ng'ombe ya Mzee Guyo. Siku moja akaniletea kutoka Nairobi kitabu cha katuni. Ndani kuna bwana mnene wa koti refu, anazunguka nchi za watu, na kila mahali anakosea desturi.

Mimi na Yusuf hatukuona mlango wa shule. Tulisoma duksi tu, chuo cha Kurani, kwa Maalim Adan, na kitabu cha duksi unafungua kutoka kulia. Hiki pia tukakifungua hivyo hivyo, tukafuata picha.

Wacha nicheke kidogo. Kwetu sisi, yule bwana alifukuzwa kwanza kwa miiko ya kupikia, ndio baadaye akanawa miguu kwa bakuli la supu. Mahali pengine alipigwa kofi, halafu ndio akambusu mke wa chifu.

Yusuf akasema, "Huko ng'ambo wanakuadhibu mapema, ili ukikosea wasisumbuke tena."

Tulicheka mpaka nikamwaga chai ya mama.

(Hata mbuzi aliyekula kona ya jalada namkumbuka. Aliitwa Adey.)

Lakini hadithi yetu ilianza bwana akila kwa mama yake, ikaisha amesimama barabarani peke yake na sanduku. Yusuf akaiangalia sana hiyo picha.

"Ndio hivyo, Halima. Mtu wa safari anaishia barabarani."

Kumbe alikuwa ameshapata kazi Arabuni. Wiki hiyo hiyo akaenda. Kitabu akaniachia.

Baadaye nikamwonyesha Nkatha, jirani yetu Mmeru, mama yake alikuwa akiuza miraa. Yeye alikuwa darasa la sita. Akakigeuza.

"Mmeanzia mwisho nyinyi. Huyu anatoka hapa na sanduku, anazunguka, anarudi kwao. Ona, mama yake amemwekea sahani."

Nilikimbia mpaka malori yanaposimama, kama vile Yusuf bado yuko. Mzee Guyo akaniuliza nimepoteza mbuzi gani.

Nkatha alimwandikia Yusuf barua kwa niaba yangu, kumweleza. Sijui kama ilimfika. Zake zilikuja tatu, kisha kimya mpaka leo.

Mama nilimwambia ile picha ya sahani. Tangu hapo kila Ijumaa akawa anapakua sahani moja zaidi, mpaka siku alipotutoka. Sasa napakua mimi. Jioni Sofia anaila, akilalamika wali umepoa.

Nilichojifunza wakuu ni hiki: mtu akiaga, weka kicheko kando kwanza, umuulize anarudi lini. Mimi nilicheka picha, sikuuliza.

Wenye katuni za zamani, andikeni hapa chini mlicheka nini.

Na kama uko Arabuni, ukaona mzee wa Isiolo aliyevunjika jino la mbele, anayecheka kabla hajamaliza kusema, mwambie dada yake Halima anasema kile kitabu tulikianzia mwisho.

Yule bwana anarudi kwao.