Msalaba wa Hilarión na Supu ya Moto

Wanaume wa mgodi huu wana jeuri ya kijinga. Nawasema kwa sababu nimezaliwa nao, nimeolewa nao, na mume wangu Severo nimemzika hapahapa. Naye aliicheka kliniki ya mapafu hadi siku ya mwisho.

Bingwa wao ni kaka yangu Hilarión. Miaka thelathini na moja kachimba bati, mapafu yamejaa vumbi la mawe, akivaa viatu tu anahema. Lakini mwambie anaumwa, uone utakavyotukanwa.

Mwaka jana wenzake wa mgodini walimteua kubeba msalaba wao. Ukishabarikiwa siku ya kanivali, aliyeteuliwa huupandisha mlimani begani mwake hadi mdomo wa mgodi, bila kuugusisha chini. Akishindwa, unabebwa na mwingine, na yeye hateuliwi tena maisha yake yote. Mwingine mwenyewe alishajiweka tayari: Fortunato, rafiki yake wa zamani, anayekohoa vilevile ila kwa kujificha.

"Utafika lini wewe, Pasaka?" alimwuliza kaka mbele ya meza yangu ya kuuzia supu. Watu wakacheka.

Nikamburuta kaka hadi kliniki ya mazoezi. Lo! Wapasua miamba wazima wananyanyua chupa zilizojaa mchanga, wanapanda na kushuka kijukwaa cha mbao. Hilarión akajipiga kifua mbele ya Noelia, mtaalamu wao.

"Mimi nimebeba mashine ya kutoboa mwamba, binti. Leo unanipa chupa?"

Noelia hakubishana. "Basi nyanyua, babu."

Akanyanyua. Mara ya nne midomo ikawa ya bluu, akakaa chini puu! Wiki tatu hivyohivyo. Noelia akampima kifua, akampima na kidude cha kubana kidoleni kinachopima hewa kwenye damu, akamwambia atoe pumzi polepole, akabaki kukuna kichwa kwa nini haisaidii. Niliyeona ni mimi, niliyekaa mlangoni na sufuria yangu. Jinga lile lilikuwa linabana pumzi! Mgodini baruti ikilipuka, unafunga mdomo na kubana pumzi mpaka uvuke vumbi. Wamezoea hivyo tangu ujana, basi kazi yoyote ngumu ikija, wanabana.

Nikammiminia kalapurka, supu yetu ya unga wa mahindi, nikatumbukiza jiwe la moto kama inavyoandaliwa. Ikachemka mbele ya pua yake.

"Kunywa."

"Una wazimu, Casimira? Si inachemka!"

"Kwa hiyo utafanyaje?"

Akakunja midomo, akapuliza taratibu, pumzi ndefu.

"Ndivyo hivyo, bwege mkubwa! Sasa panda kijukwaa huku unapuliza supu."

Noelia akacheka. "Mama Casimira, hilo ndilo nililomwambia wiki zote hizi."

"Ulimwambia kistaarabu. Hawa ustaarabu hawausikii."

Miezi mitano alipuliza. Alinuna, alinitukana, lakini alipuliza. Siku ya kanivali akajitwika msalaba begani na kuanza kupanda. Hatua kumi, anasimama, anapuliza. Hatua kumi tena. Fortunato alikuwa mbele na wapiga tarumbeta, anacheza, anageuka kutuzomea. Mimi nilikuwa nyuma ya kaka, namwomba Mungu na kumtukana kwa zamu.

Kwenye kona ya tatu tulimkuta Fortunato amekaa juu ya jiwe, macho yamemtoka, mdomo kaufunga. Nilifurahi, sitadanganya.

"Shikamoo, Pasaka imefika!" nikamwambia.

Hilarión hakucheka. Alisimama na mzigo wake begani. "Puliza, mjinga wewe. Kama supu ya huyu dada yangu. Puliza!"

Fortunato akapuliza, mbele ya watu wote, machozi yanamtoka. Rangi ilipomrudi, kaka akamwambia, "Jumatatu saa tatu. Njoo na chupa yako." Akaendelea kupanda.

Msalaba ulifika wapiga tarumbeta wakiwa wameshachoka. Watu wakashangilia, Hilarión akanitafuta kwa macho ili anione nikishangilia. Sikuweza. Nilikuwa namfikiria Severo, jioni zake za mwisho kitandani, kifua kimevimba na mdomo kaufunga. Na mimi, mwerevu wa kutukana wenzangu, nimekaa pembeni yake na bakuli la supu mkononi, namwambia, kunywa mume wangu, usijisumbue, nimeshakupulizia.