Kisima Changu cha Rebero na Ramani ya Shakira

Hutaniamini, na hata mke wangu, aliyekuwepo, haniamini. Mimi, fundi cherehani niliyeishia darasa la tano, ndiye niliyemfundisha kazi mtoto wa dada yangu, Shakira, anayechora ramani za maji yaliyo chini ya ardhi.

Kwenye kompyuta anapanga tabaka juu ya tabaka: miamba, nyufa zake, miteremko, mvua, mashamba. Kila tabaka lina alama zake. Mashine inajumlisha, kisha inapaka rangi bonde zima la mto: hapa chimba, pale utatoa vumbi. Mimi naita kazi hiyo kumshonea mlima suruali. Anachukia.

Kiangazi hiki mtambo ulikuja kuchimba kisima kirefu kimoja tu. Ramani ikasema bondeni, chini ya mtaa wa Niboye. Kagabo, msemaji wetu wakazi wa Rebero, akakitaka huku kilimani. Kikichimbwa pakavu, Niboye wanabaki na madumu yao matupu, na Shakira hana kazi.

Mkutanoni Kagabo hakumsalimia. Alimwita mtoto wa kupaka rangi, watu wakacheka. Shakira akamwambia achimbe kwa ulimi wake, ni mrefu wa kutosha. Hapo Kagabo akanigeukia mimi.

"Maji Rebero iko. Muulize mjomba wako. Kisima chake hakijawahi kukauka, alisema mwenyewe dukani kwangu."

Nilisema, sikatai. Nilisema pia kina samaki.

Shakira alinitazama kama ninavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya. Akaupeleka mkutano mzima uani kwangu, akafunga nati kwenye utepe wa kupimia, akaushusha kisimani. Nati ikagonga mawe makavu. Akauliza maji ya kisima hiki huwa yanatoka wapi. Mke wangu, msaliti yule, akanyoosha kidole kwenye mfereji unaoshusha mvua ya bati letu hadi kisimani.

Kagabo akatema mate, akaondoka. Mpaka leo haleti nguo kwangu. Kisima kilichimbwa bondeni, na maji yakatoka.

Shakira haniongeleshi. Anakuja tu kukagua ninayoandika, nisimwaibishe tena, na sasa hivi amesimama nyuma ya kiti changu. Basi mjue: ni mimi niliyewaita uani kwa hiari yangu, nikasimama kifua mbele, na utepe uliposhuka mita thelathini na—

"Mita nne, mjomba. Na ulikuwa umejifungia chooni."