Papa Kambale alipong'oa prise

Leo nimemjibu mzee wa kwaya mbele ya watu wote, na siombi msamaha.

Tulipokimbia Beni tulibeba disque moja yenye nyimbo zetu zote. Zinafunguka tu kwa système ya ordinateur, zile kompyuta za bei kali, na wanaoitengeneza hawaitaki kwenye mashini nyingine. Basi nikajijengea mashini, kwa vipande vya hapa Butembo, nikaiweka système hiyo ndani kwa nguvu.

Kwaya nzima ikaja kuangalia. Mama mmoja akaiombea. Nikawasha.

Écran nyeusi, kioo cha mashini, ikajaa mistari myeupe ya maandishi, inakimbia. Ndivyo inavyoanza, lakini Papa Kambale, mzee huyo wa kwaya, akaruka akang'oa prise ya umeme ukutani.

“Inaungua hii. Nilisema tuite fundi wa Bunia. Huyu ni mutoto tu.”

Mnanijua, huwa sisemi.

“Papa, mutoto huyu ndiye anajua. Rudisha prise, na hapana gusa tena.”

Hata mimi nilishituka.

Akairudisha. Mistari ikakimbia tena, système ikafunguka, nikabonyeza wimbo wa kwanza. Ikatoka sauti yake mwenyewe Papa Kambale, anaimba solo kule Beni.

Akaketi.

Mnaoona sina adabu, andikeni hapa chini. Nitamjibu kila mmoja.