Jina Nisiloweza Kulitaja: Safari Yangu ya Kutafuta Kibali, Kibondo Hadi Kasulu

Saa nne asubuhi, Kasulu. Kaptula ya kaki ilikuwa bado chini ya sindano waliponikamata. Mgambo wawili walisimama mbele ya baraza ya duka la Mzee Sefu, mmoja akasema, "Mama, kibali cha kufanya kazi kiko wapi?" Nikamjibu kinakuja kutoka Kibondo. Wakacheka. Yule mrefu akashika gurudumu la cherehani kwa mkono, likasimama, uzi ukakatika. Nikapitishwa katikati ya soko, futi ya kupimia ingali shingoni, na wanawake wanaouza dagaa wakageuka kunitazama. Mimi nilitoka Burundi nikikimbizwa na risasi. Siku ile sikuona aibu. Aibu niliiona Kasulu, mchana kweupe, futi shingoni.

Sasa nirudi mwanzo, ili nyinyi tuliokimbia pamoja, mliobaki kule Kibondo, mjue njia ilivyo kabla hamjaianza.

Kibondo, mwishoni mwa masika. Mnakumbuka nilivyokuwa naishi. Nalima shamba la mtu, jioni napewa kikapu cha muhogo. Shule nilisoma miaka mitatu tu, lakini masista wa kwetu walinifundisha kushona, na mkono haujasahau. Mzee Sefu alipopita na kanga zake za kuuza, akaona gauni nililomshonea jirani kwa pazia kuukuu. Huyu ni mtu wa Pwani, ana duka Kasulu miaka mingi.

"Kola hii kakata nani?"

"Mimi, mzee."

"Kwa mashine gani?"

"Kwa wembe na sindano ya mkono."

Akaigeuza ile kola mara mbili. "Njoo Kasulu, mama. Nina cherehani mbili na fundi mmoja. Lakini uje na kibali, mie sitaki maneno na serikali."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kwenye dirisha la vibali, Kibondo. Benchi lilijaa watu. Karani alikuwa Zabroni. Aliuliza jina langu, akaandika. Akauliza jina la mume wangu, nikasema Petero, marehemu. Akauliza, "Petero nani? Baba yake anaitwa nani?"

Nikanyamaza.

Nyinyi mnajua kwa nini. Mgeni akisoma hapa na yeye ajue: kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Awe hai, awe amekufa, halitoki kinywani. Waha, wenyeji wa huku, nao ni vivyo hivyo, na Zabroni ni Muha. Mama yake mzazi hajawahi kumtaja baba mkwe wake, na Zabroni amekua akiona hivyo kila siku.

Nikamwambia, "Ndugu karani, jina hilo limo kwenye karatasi yetu ya kwanza, ya siku tulipopokelewa. Aliliandikisha shemeji yangu kabla hajafa. Litafute humo."

"Nyinyi wakimbizi mna mambo. Kwani mkwe wako yuko chini ya meza hii?" Akainama, akachungulia chini ya meza. Benchi zima likacheka.

Saa ya chakula ilikuwa imekaribia, naye alikuwa akiitazama saa ya ukutani kila mara. Hakufungua kabati la karatasi. Aliandika mstari mmoja mrefu, wa herufi za kuunganisha ambazo mimi siwezi kuzisoma, akanishika kidole gumba, akakibandika kwenye wino. "Nenda Kasulu. Kibali kitakufuata."

Kosa langu ni hapo. Niliweka kidole chini ya maneno nisiyoyajua. Nilidhani mzaha umekwisha, na kwa kuwa anaijua mila, ameliacha jina kwa heshima kama mimi.

Njiani, siku mbili juu ya lori la maharage. Kabla ya kijiji cha Makere tope lilitukamata, tukashuka wote kukata majani ya kuweka chini ya matairi. Sikuona tabu. Niliimba. Dereva akaniuliza, "Mama, unakwenda harusini?" Nikamwambia nakwenda kazini.

Kasulu, wiki tatu za kwanza. Nilipewa cherehani ya pili, ya miguu, na rundo la kaki za sare za shule. Mzee Sefu aliuliza kibali siku ya kwanza, nikamwambia kiko njiani, akasema, "Haya, Mungu shahidi." Wateja walianza kuniulizia kwa jina. Fundi wa baraza ya jirani, Rajabu, ndiye aliyewapelekea mgambo habari zangu. Namtaja, lakini huyu nimemsamehe nusu, maana wateja walikuwa wake kabla sijaja.

Siku ile ya mgambo nililala kituo cha polisi. Kesho yake nikapelekwa kwa mama mmoja wa ofisi anayeshughulikia wageni, Ndugu Anastazia, naye alikuwa na faili langu lililoletwa kutoka Kibondo. Akanisomea ule mstari wa Zabroni, polepole, ili nisikie vizuri:

"Amekataa kutoa jina kamili la anayedai ni mumewe. Inaelekea hakuolewa. Ombi likataliwe, arudishwe alikotoka."

Inaelekea hakuolewa! Miaka kumi na tisa nimekaa na Petero. Nimezaa naye, nimezika naye watoto, mwisho nikamzika na yeye mwenyewe kando ya njia tulipokuwa tukikimbia. Karani mwenye njaa akaifuta ndoa yangu yote ili awahi kwenda kula.

Anastazia akaniuliza, "Alikuuliza jina la mkwe?"

"Ndiyo."

"Ukanyamaza?"

"Ndiyo."

Akaweka kalamu chini. "Mimi pia nimeolewa, mama. Sasa sikiliza. Huku Kasulu kuna mtu wa damu ya mumeo? Mtu anayeweza kulisema jina hilo mwenyewe, hapa mezani?"

"Yuko wifi yangu, kijiji cha Titye. Hatusemezani."

"Basi kasemezaneni. Leo Jumanne. Mpaka Ijumaa faili litakaa kwangu, na polisi nitawaambia wakuache. Ikipita Ijumaa, linarudi Kibondo na wewe unalifuata."

Na Mzee Sefu, nilipopita dukani, akasema hivyo hivyo: cherehani itaningoja mpaka Ijumaa, kisha atatafuta fundi mwingine. Alisema akiangalia pembeni.

Titye, Jumanne jioni, baada ya kutembea nusu siku. Wifi yangu Skolastika alikuwa uani kwake, anapiga maharage kwa fimbo. Aliniona, hakuacha kupiga.

"Umefuata nini kwangu, wewe uliyemtupa kaka yangu porini kama mbwa?"

Hapo ndipo nilipojua kwa nini miaka yote hakunisemesha. Mtu mmoja alimpelekea maneno nusu. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: kwamba jembe hatukuwa nalo, nilichimba kwa kipande cha chungu na kwa vidole. Kwamba nilimvisha kitenge changu cha ndoa, nikavuka mpaka na kigauni cha ndani, nikisitiriwa na mama nisiyemjua aliyenigawia shuka lake. Nikamwonyesha kucha mbili ambazo hazikuota tena sawasawa.

Alizitazama sana. Kisha akaninyooshea fimbo ya pili. "Piga maharage."

Tukapiga jioni ile, tukapiga Jumatano kutwa, tukapepeta, tukajaza magunia. Alhamisi alasiri, tunafunga gunia la mwisho, ndipo aliponiuliza nilichofuata. Nikamweleza.

"Yaani umeshindwa kulitamka hata mbele ya polisi?"

"Nimeshindwa, wifi."

Akacheka mpaka akakaa juu ya gunia. "Baba angekuchinjia mbuzi! Wake za wanawe wengine walikuwa wakimteta kwa jina kisimani. Twende. Maharage yangu umeshayapiga, sina kisingizio."

Kasulu, Ijumaa, tukiwa tumelala njiani kwa watu. Anastazia akamkaribisha wifi mbele ya meza. Mimi nikaomba nitoke, nikasimama nyuma ya ukuta nimeziba masikio. Skolastika, kwa uchokozi wake, alilitaja jina la baba yake kwa sauti ya kuitia ng'ombe mlima wa pili. Nililisikia, na mtaa wote ukalisikia. Kisha akachungulia dirishani. "Wewe! Rudi, mkwe ameondoka."

Muhuri uligongwa mara mbili. Safari hii niliomba nisomewe kila neno kabla ya kuweka kidole. Pale penye mume pameandikwa Petero, jina la baba yake likafuata, na chini yake: mjane. Neno hilo lina uzito, lakini ni langu.

Barazani kwa Mzee Sefu, saa tisa. Ile kaptula ilikuwa bado chini ya sindano, uzi umekatika pale pale. "Sikumruhusu mtu aiguse," alisema. Nikatunga uzi, nikamaliza pindo. Rajabu akapaza sauti kutoka barazani kwake, "Mama, karibu tena, utuue njaa!" Nikamwambia akikosa kazi aje nimpe vifungo anishonee.

Kibondo, mwezi uliofuata, nilirudi kuchukua chungu changu na kuwaaga. Nikapita dirishani, nikamwekea Zabroni kibali mbele yake. Akasema, "Si umepata? Sasa unalalamika nini?" Akafunga dirisha. Ilikuwa saa ya chakula.

Basi mimi nimejifunza haya. Ukienda kuomba kibali, nenda na mtu anayeweza kutaja usiyoweza kuyataja. Wala usiweke kidole chini ya maneno ambayo hujasomewa. Na mwanamke mwenye mkwe anayemheshimu asione haya kwa kimya chake.

Jina la baba mkwe wangu silitaji. La huyu nalitaja lote, maana hakunioza wala hakunioa: Zabroni Yeremia Kihozi, karani wa dirisha la vibali. Alijua. Akaandika kwamba sikuolewa. Nataka wakubwa wake wamwite, faili langu liwe mezani wazi, na mama yake mzazi aketi kwenye benchi lile lile asikilize. Kisha Zabroni amjibu yeye, si mimi: nani alimwambia kwamba mwanamke asiyemtaja baba mkwe wake hakuolewa?