Hewa ya Chumba cha Baba

Mtaa wetu ulikuwa juu kidogo ya Moshi mjini, njia ya kwenda Uru, mahali ambapo migomba ilikuwa ikikatwa ili nyumba zijengwe. Ilikuwa miaka ya tisini, vioo na rangi vimejaa madukani, na Baba naye alijenga nyumba ya mawe. Chumba chake alikichimbia nyuma, kwenye mteremko, ukuta mmoja ukiegemea udongo wa mlima, kwa kuwa alipenda ubaridi. Alipofariki kwa ugonjwa wa moyo, Mama alianza kulala humo peke yake, madirisha yakiwa yamefungwa.

"Harufu yake bado imo," aliniambia.

Nilipompelekea chai asubuhi, nilihisi kama ninazama kwenye maji yaliyotulia. Mwanga ulikuwa wa kijani, umechujwa na majani ya migomba, na vumbi lilielea humo polepole kana kwamba halina haja ya kutua. Nilikuwa nikinong'ona bila kujua kwa nini.

Kisha dada yangu, aliyekuwa akisoma fizikia chuo kikuu, akaja likizo na boksi la vikopo vyeusi. Alitueleza kwamba kwenye mawe na udongo hutoka gesi iitwayo radoni. Haionekani wala hainuki. Nje upepo huichukua, lakini ndani ya chumba kilichofungwa hujikusanya, na anayeivuta kwa miaka mingi anaweza kupata saratani ya mapafu. Ndani ya kila kikopo mlikuwa na kipande cha plastiki ambacho gesi hiyo hukiachia alama zake. Majirani kadhaa walikubali kuwekewa. Mmoja alikuja kulalamika kwamba mtego ule haujanasa hata mbu mmoja.

Kikopo cha Mama kilikaa kando ya kitanda chake masika yote. Mvua ikinyesha, nilifumba macho nikauwaza mlima ukipumua taratibu chini ya sakafu yetu.

Dada alivirudisha vikopo chuoni vikapimwa. Alipokuja tena, alimwamkia Mama, akaketi naye kitandani.

"Mama, nyumba nyingi hazina tatizo. Ni chumba hiki tu ambamo gesi imezidi."

"Ndiyo iliyomuua baba yenu?"

"Hapana. Baba aliumwa moyo."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Tuzibe nyufa za sakafu. Na madirisha yawe wazi."

"Nikifungua, ataondoka."

Dada alimshika mkono.

Hatukumsukuma. Jumapili moja, baada ya misa, Mama mwenyewe alituita. "Njooni mnisaidie, bawaba zimekaza." Tulisukuma pamoja, na dirisha likafunguka kwa kishindo. Ukungu uliingia, na nyuma yake harufu ya maua ya kahawa. Mama alisimama palepale, ameshika nondo za dirisha, machozi yakimtoka, na hakuyafuta.

Fundi aliziba nyufa kwa saruji. Dada alipopima tena, gesi ilikuwa imepungua sana. Mama alilalamikia baridi, akaomba blanketi la pili, lakini dirisha hakulifunga.

Tangu hapo alianza kutusimulia habari za Baba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu msiba. Siku moja, akimenya ndizi, alituambia kwamba Baba alikuja kumposa akiwa na viatu vya kuazima, vikambana hadi akaomba avivue mbele ya wakwe.

"Mkamruhusu?" niliuliza.

"Babu yenu alicheka," alisema, "akavua vyake pia."