Kindege Kisicho na Magurudumu

Binti yangu alinyoa nywele zote, akaanza kukimbia kila asubuhi, halafu akasahau mchoro kwenye meza yangu ya jikoni: kindege cha kivita, kinene kama kiazi, kinaning'inia chini ya tumbo la ndege kubwa ya mabomu. Nikajumlisha mwenyewe. Mtoto amejiunga na jeshi, na anaogopa kuniambia.

Nani angenilaumu? Nimemlea peke yangu hapa ugenini, mtaa wa Bordesley Green, kazi yangu kuogesha wazee wa watu. Sikumlea ili siku moja nikabidhiwe bendera iliyokunjwa makaburini. Nilimpigia simu, hakushika. Basi nikafanya vile wamama wa kanisani kwetu hufanya jambo likiwa zito: nikaandika kwenye grupu, "Tukamwombee msichana." Jumamosi tukapanda treni hadi Selly Oak anakosomea, wamama wanne, na chapati ndani ya mkebe wa aiskrimu. Kumwambia tunakuja? Aa, angetoroka.

Alifungua mlango na soksi moja mguuni. Kabla hajasema neno, mwenzetu mmoja mwenye sauti kubwa alikuwa ameshamwekea mkono kichwani, anakemea roho ya vita. Wanafunzi anaoishi nao wakachungulia wakiwa na vijiko mdomoni. Nikatoa mchoro.

"Leo utaniambia ukweli. Unaenda lini?"

"Niende wapi, Mami?"

"Jeshini!"

Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kumbe ni mradi wake wa mwaka wa mwisho, uhandisi wa ndege! Akatueleza kwa Kiingereza, polepole. Zamani ndege za mabomu zilikuwa zinaenda mbali kuliko ndege za kuzilinda, kwa hivyo Wamarekani wakabuni kindege cha kubebwa tumboni. Adui akitokea kinashushwa, kinapigana, kisha kinarudi kujishikiza kwa ndoano. Magurudumu hakina. Kilijaribiwa, kikaachwa. Nywele alinyoa kwa kukosa muda wa kuzisuka. Na kule kukimbia? Kuna kijana fulani hukimbia bustanini asubuhi. Hilo alilisema chini chini, lakini wamama wote walisikia.

Jamani, nilishusha pumzi! Nikakaa kwenye ngazi kando yake.

"Sasa," akauliza mwenye sauti kubwa, "rubani akikosa hiyo ndoano?"

"Yule wa majaribio alikosa mara nyingi. Upepo wa ndege kubwa yenyewe ndio ulikuwa unamsukuma."

Mimi ndiye niliyeuliza. "Akafa?"

"Hapana, Mami. Alitua kwa tumbo kwenye mchanga, akatoka mzima."

"Asante Yesu!" tukasema wote kwa pamoja, kwa ajili ya Mmarekani wa enzi za babu zetu. Kisha nikamkumbatia mtoto wangu pale kwenye ngazi, nikalia kwa sauti mbele ya watoto wa watu, na sikuona haya hata kidogo.