Hakimu wa Witiri

Mwinyihaji bin Rashid aliporudi Junda, Kisauni, mwaka mmoja kabla ya uhuru, akiwa na shahada ya hesabu kutoka Uingereza, watu wa mtaa hawakumuuliza habari za Ulaya. Walimwangalia miguu.

Usicheke. Sisi watu wa pwani tunajua: jini akijigeuza binadamu hugeuza kila kitu, kasoro kwato. Na Mwinyihaji alikuwa na la kujibu, kwa sababu alikwisha kufa. Mwaka wa pili wa masomo yake homa ya mapafu ilimlaza hospitali kule kwenye baridi, karani mmoja akachanganya wagonjwa, simu ya maandishi ikaja Kisauni kwamba kijana amefariki. Matanga yakakaliwa. Khitma ikasomwa, sala ya ghaibu ikaswaliwa msikiti umejaa hadi barazani. Mamake, Bi Barke, aligawa nguo zake zote. Babake, mzee Rashid mpiga ramli, hakulimudu pigo lile, akaanguka na kufa mwezi ule ule. Simu ya pili ya kusahihisha ilipofika, nyumba ilikuwa na kaburi la kweli moja, na la uongo moja ambalo hakuna aliyejua namna ya kulifukua.

Basi karudi. Bi Barke alimkumbatia akalia, kisha akampakulia wali wa nazi, akajitenga kando akimtazama anavyotafuna. Jirani yao, Bi Mwanatabu, alikuwa hajibu salamu yake mpaka kwanza atamke Bismillahi, tena kwa sauti.

"Bismillahi, shikamoo bibi," Mwinyihaji angesema kila asubuhi, kwa uchungu.

"Marahaba, mwanangu. Haya, pita."

Hayo yote aliyavumilia. Lisilovumilika lilikuwa la Zubeda. Alimchumbia Zubeda kabla hajasafiri, na Zubeda, hata baada ya matanga, alikataa posa za watu. Sasa amerudi, mahari yako tayari, na binti yule anamwambia waziwazi, macho makavu:

"Nakutaka. Wallahi nakutaka. Lakini umeswaliwa, Mwinyihaji, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikiitikia amina. Siingii chumbani na nisiyemjua. Babako angekuwa hai angetupigia ramli. Itafutie njia. Nataka kujua aliyerudi ni wewe au si wewe. Likija jibu jema, hata kesho nioe. Lisipokuja, tuachane kwa heri."

Mwinyihaji alitoka pale kifua kinamuwaka. Miaka yote ile ya kusoma, halafu mtu anakwambia ukaulize mchanga kama wewe ni wewe! Na kazi aliyoipata ilikuwa ya kumtia hasira. Mwaka wake wa mwisho Uingereza aliumaliza mbele ya mashine ya kukokotoa, kubwa kama nyumba, aliyokuwa akiipa amri nayo ikatii. Mombasa haikuwako ya namna ile. Iliyokuwako ni mashine ya kadi katika kampuni moja ya mizigo huko Changamwe, kadi zinatobolewa matundu, mashine inazisoma, inazipanga na kuzijumlisha. Bwana mkubwa wa pale aliitazama shahada yake, akampa kazi ya kubeba makasha ya kadi.

Lakini mwalimu wake alimuusia siku ya kuagana: usikae ukangoja mtu akupe kazi ya elimu yako, itafutie kazi mwenyewe, na popote utakapokuwa shikana na yule anayeijua mashine. Naye akashikana na Gershom, Mtaita mpole aliyekuwa mtunzaji wa mashine ile. Wakila mihogo pamoja mchana, Gershom akimwachia mashine wakubwa wakienda kula.

Na hapo Changamwe ndipo wazo lilipompiga. Mashine, hata ile kubwa ya Uingereza, haijui ila mambo mawili: tundu lipo, tundu halipo. Na ramli ya babake? Muulizaji anatia nia, anadonoa mchanga bila kuhesabu, mpigaji anafuta nukta mbilimbili, kila mstari unabaki na moja au na mbili. Basi. Kutoka hapo inapatikana michoro minne iitwayo mama, mama wanazaa mabinti wanne, wanaunganishwa wawiliwawili mpaka abaki mmoja wa mwisho, ndiye hakimu, atoaye jibu. Utotoni aliiona kazi ile ni upuuzi wa wazee. Sasa aliona kwamba babake alikuwa akifanya, kwa kidole tu, jambo lile lile alilovuka yeye bahari kwenda kujifunza. Aliinamia kasha la kadi akalia, Gershom akajifanya hakuona.

Aliporudi nyumbani akamwambia mamake atalipata jibu la Zubeda kwa mashine.

"Mwanangu, mpiga ramli hajipigii," Bi Barke akasema. "Marehemu hakuwahi hata siku moja."

"Sipigi mimi, mama. Mashine ndiyo itakayopiga."

Bi Barke akaenda kumtolea mchanga wa marehemu. Mtoto wa mpiga ramli anayetafuta mwanya katika sharti, nani atamweza?

Zubeda akaja alasiri, akautia vidole mchanga wa marehemu, midomo ikitikisika na nia yake. Mwinyihaji akanakili nukta zote, akazigeuza matundu, na siku ya pili, mchana kweupe, jua linawaka juu ya mabati ya Changamwe, akazipitisha. Mashine ikanguruma, ikatema. Hakimu alikuwa witiri.

Hapa sharti nikueleze, maana ndipo penyewe. Hakimu hawi witiri. Nukta zake lazima ziwe shufwa, za kugawika mbili sawasawa. Mabinti ni nukta zile zile za mama zilizosomwa kwa upande mwingine, kwa hiyo kila nukta huhesabiwa mara mbili, na kitu kilichohesabiwa mara mbili hakitoki witiri mpaka kiama. Mwinyihaji aliweza kulithibitisha hilo akiwa usingizini.

"Itakuwa mashine mbovu," Gershom akasema.

"Tutie zako basi."

Gershom akadonoa vumbi sakafuni, akauliza habari za ng'ombe wake wa Taita. Shufwa. Wakajaribu tena, na tena, nia za mchezo. Shufwa, shufwa. Wakarudisha za Zubeda kwa kadi mpya, Gershom mwenyewe akitoboa. Witiri. Gershom akasogea nyuma, akafuta mikono yake kwenye suruali, akamwambia kwa upole kwamba kesho watu wa ofisini watakuwa wanaihitaji mashine saa za kula.

Mwinyihaji akakaa chini akaipiga kwa kidole, kama babake. Alikagua mstari baada ya mstari, kosa hakuliona. Witiri. Na mzee Rashid alikuwa na neno juu ya hilo, alilitamka kwa utani, kwa kuwa aliamini halitatokea: hakimu akiwa witiri, aliyeuliziwa hayupo.

Angeweza kumwambia Zubeda kweli. Alimpenda mno. Alichukua kadi moja, akatoboa tundu moja ambalo Zubeda hakulidonoa, akaipitisha. Hakimu akatoka shufwa, mzuri, wa heri. Akampelekea.

"Ni wewe?" Zubeda akauliza.

"Ni mimi."

Zubeda akalia kwa furaha, na mwezi haukuisha wakaoana. Bi Mwanatabu alipiga vigelegele kuliko wote, na tangu siku ile akawa anaitikia salamu bila Bismillahi. Mtaa mzima ulikwisha kuridhika. Hata Changamwe, uhuru ulipokuja na bwana mkubwa akaenda zake, mashine ile alikabidhiwa Mwinyihaji, na shahada ikapata kazi yake.

Mpaka leo Zubeda akiwa jikoni humwita kwa sauti ya raha, "Mwinyihaji ee!" Naye yuko pale pale barazani, anasikia vizuri. Lakini haitiki mara moja. Hutega kwanza sikio upande wa chumbani, asikie kama kuna mwingine atakayeitika kabla yake.